Jicho Nililolinunua Mwenyewe

Nina miaka hamsini na mbili, na hakuna kitu duniani kilichoweza kunishangaza. Ndivyo nilivyokuwa nasema, hata mbele ya padri. Nimeona vita ikipita Kalemie. Nimeona maji ya ziwa yakiingia mpaka ndani ya vyumba vya watu. Nimeona tajiri akilala na mali na kuamka bila kitu, kwa mtumbwi mmoja uliozama. Mimi nilishuka kutoka Kirungu kwa miguu, na gunia la maharagwe kichwani na darasa nne tu za shule ya msingi. Leo nina ajansi ya mizigo karibu na bandari, wafanyakazi saba, na kiti kinachozunguka. Wenye diplome wananiita Patron, bosi wao; wengine Papa, yaani baba. Nani angenishangaza?

Wasomaji wenzangu, msianze kunihurumia. Huruma sijaiomba. Ninaandika kwa sababu kuna wanaume kama mimi, wengi, nao wataona aibu kusema. Mimi nitasema.

Kuna kitu kimoja nilikificha miaka mingi: ninapenda filimu kuliko chakula. Si zile za Kifaransa, maana zile zinakimbia na maneno yao nami ninabaki nyuma. Ninapenda zile ambazo mtu wa Tanzania ameweka sauti yake juu, anaeleza kwa Kiswahili, anaiga mwanamke, anaiga adui, anaongeza na utani wake mwenyewe. Zinavuka ziwa kutoka Kigoma ndani ya flashi ndogo kama jino. Shule niliyoikosa, niliipata humo. Nimelia kwa filimu kuliko kwa misiba... Lakini mtu mkubwa anaweza kusema hivyo wapi?

Tena mimi nilikuwa mkubwa wa shirika, yaani jumuiya ya wakristo wa mtaa wetu. Kwaresima ilipoanza nilisimama mbele ya wote. Nikasema, mwaka huu tusijinyime nyama, kwa sababu nyama wengi wetu tumejinyima zamani bila kupenda. Watu wakacheka. Nikasema tujinyime kitu kinachouma: filimu. Siku arobaini, hakuna. Walipiga makofi. Nami nilijipigia moyoni.

Wiki hiyohiyo nikanunua programu. Niliiona kwa mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi: inaingia ndani ya kila kompyuta ya ofisi, sisi tunasema ordinatere ya biro, na kuandika kila kitu kilichofanyika humo, saa kwa saa. Nilimwita fundi Ilunga, mzee mwenye miwani minene, zamani alikuwa fundi wa redio za reli. Akaiweka kwenye mashini zetu nne. Akanieleza mambo mengi kwa Kifaransa. Nikatingisha kichwa. Kutingisha kichwa ndiyo diplome yangu.

Halafu niliwakusanya wafanyakazi. Nikawaambia: atakayekamatwa na filimu kwenye mashini ya kazi, anatoka siku ileile, hata akiwa mama yangu mzazi.

Sasa mtaniuliza: na wewe, Papa?

Kila siku saa sita nilikuwa nafunga biro. Wafanyakazi walikwenda kula, mimi nilibaki na njaa yangu chumbani kwangu, mlango umefungwa, ninasali. Hivyo ndivyo walivyojua. Na wiki ya kwanza nilisali kweli, Mungu ni shahidi. Wiki ya pili flashi ilikuwa mfukoni. Nikajiambia, leo nusu tu. Ordinatere yangu ni kubwa kuliko zote, lakini neno la kuifungulia nililisahau siku ya pili tu, na nikaona haya kuuliza. Ile ya sekretere ilikuwa wazi daima. Basi nilitoka chumbani taratibu, nikakaa mahali pake, nikavaa kaske masikioni...

Na programu je? Mimi nilifikiri jicho linajua nani amelinunua.

Sekretere huyo ni Mama Odette, mke wa mwalimu. Miaka kumi na moja alifanya kazi kwangu. Barua za Kifaransa zilipokuja, hasa za dwane, watu wa ushuru wa forodha, hakuwahi kuniaibisha hata mara moja. Alikuwa anasema, "Papa, kama vile umekwisha kuona, watu wa dwane wanataka karatasi ya pili." Mimi sikuwa nimeona kitu. Alijua. Alinisomea kwa namna hiyo miaka kumi na moja, na mbele ya wateja nikaonekana msomi.

Kwao ni mbali, upande wa Katanika, kwa hiyo saa sita hakurudi nyumbani. Alipumzika nyuma, ndani ya depo, juu ya makaratoni.

Mwisho wa mwezi nilimwita Ilunga asome ripoti mbele ya wote. Nilitaka waogope. Akasoma mashini ya kwanza: kazi tu. Kabla ya kusoma ya pili akafuta miwani.

"Ya sekretere. Filimu. Siku kumi na saba. Kutoka saa sita mpaka saa saba na nusu."

Wote waligeuka wakamtazama Mama Odette. Yeye alinitazama mimi.

"Papa," akasema taratibu, "muulize fundi vizuri."

Niliogopa. Wafanyakazi saba walikuwa wananingoja, na nyuma yao niliona shirika zima, na makofi yale yote. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mashini haina ndugu," nikasema.

Hakulia. Alichukua kikombe chake, na kitenge alichokuwa anatandika kwenye kiti. Mlangoni akageuka.

"Barua ya dwane iko juu ya meza, Papa. Wanataka jibu kesho."

Akaenda.

Habari za Kalemie hazingoji pikipiki. Jumapili shirika lote lilikwisha kujua: Mama Odette, filimu, katikati ya Kwaresima, tena kazini. Yeye ndiye aliyekuwa akituongoza Njia ya Msalaba kila Ijumaa. Wakamwondoa. Waliniuliza kwanza mimi, maana mimi ndiye mkubwa. Nikajibu kwamba mimi simhukumu mtu. Mnaona jinsi uongo unavyoweza kuvaa kanzu?

Nyumbani mke wangu aliniuliza pia.

"Odette? Ule ambaye kwao hakuna hata televisheni?"

Nikamwambia asiingilie mambo ya biro. Alinitazama kama mtu anavyotazama samaki aina ya mikebuka walionunuliwa bila kunuswa. Hakuuliza tena. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Mara tatu nilipata nafasi ya kusema kweli. Mara tatu. Wakristo mnajua hesabu hiyo, ile ya kabla ya jogoo kuwika, sina haja ya kuwasomea.

Shida zikaja kwa mstari. Barua ya dwane niliitia ndani ya droo ya meza, nikingoja ijijibu. Mizigo ya wateja ikalala bandarini wiki nzima, chumvi ikapata maji. Nikaajiri sekretere mpya mwenye diplome kubwa. Alisoma barua haraka kama mvua juu ya bati, halafu akaniuliza mbele ya mteja: "Patron, tunajibu namna gani?" Nikatingisha kichwa. Akauliza tena... Mteja akatazama viatu vyake. Na filimu? Nilijaribu mara mbili. Haikuwa na ladha. Kiti kile bado kilikuwa na alama ya kitenge chake.

Wiki moja kabla ya Pasaka, Ilunga alirudi. Akaomba tuongee wawili tu, akafunga mlango. Akasema kuna jambo alinieleza siku ya kwanza, nami nikatingisha kichwa, lakini sasa ana shaka kama nililisikia. Ile programu haiandiki tu. Juu ya kioo cha kila mashini kuna jicho dogo. Nalo linapiga picha za mtu aliyekaa mbele.

Akafungua.

Ilikuwa mimi. Siku kumi na saba, picha kumi na saba. Ya kwanza mdomo wazi kama samaki juu ya mchanga. Ya tano mashavu yamejaa karanga, siku ya kufunga. Ya tisa ninalia, machozi mpaka kwenye ndevu, na rozari imezungushwa mkononi pamoja na waya wa kaske.

Ilunga aliweka kidole juu ya mashini. Hakunitazama.

"Patron, ninafuta? Hapa tuko mimi na weye tu."

Wasomaji, nimewaambia kwamba hakuna kitu kilichoweza kunishangaza. Vita haikunishangaza. Ziwa halikunishangaza. Nilishangazwa na uso wangu mwenyewe! Nilikuwa sijawahi kumwona mtu yule. Na neno moja tu lingetosha, angefutwa, ningebaki mkubwa wa shirika mpaka kufa, na Mama Odette angebaki mwizi wa saa za kazi mpaka kufa.

Nikamwambia, "Usifute. Nitolee kwa karatasi ile ya machozi."

Nilitaka kumpelekea Mama Odette mbuzi na bahasha. Mke wangu, nilipomwambia yote, akasema: "Mbuzi acha. Mbuzi hajaangalia filimu." Nikapanda pikipiki na picha tu.

Mama Odette alikuwa uani, mume wake anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilimpa karatasi bila salamu ndefu. Akaitazama. Mabega yakaanza kutikisika, nilidhani analia. Kumbe anacheka, akamwita mume wake.

"Baba Grasi, kuja uone. Hii njo ile ya bibi arusi, siku bwana anarudi na watu walikwisha kumulilia matanga. Kwa ile hata miye nililia."

"Uliiona wapi?" nikauliza.

"Nyuma yako, Papa. Kwa mulango wa depo. Tuliangalia pamoja mpaka mwisho, ila miye bila sauti. Tangu wiki ya pili nilikuwa nakuona."

Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ile mbele ya wote. Kicheko kikaisha.

"Nani angeniamini? Weye ulikuwa unafunga na kusali. Miye nilikuwa sekretere tu. Tena nilingoja. Nilisema, Papa ni mukubwa, atasema mwenyewe. Nilingoja mpaka mulangoni, njo maana nilikukumbusha barua."

Mume wake hakuinua kichwa kutoka kwenye madaftari. Alisema tu, "Pale jina lilipoangukia, Papa, njo pale linaokotwa."

Jumatano ya Wiki Takatifu nilisimama katika shirika, mahali palepale pa makofi. Nikainua picha, nikawaeleza na filimu iliyoniliza. Mtu akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa, na nusu ya watu wakainamisha vichwa wakicheka. Waliniondoa ukubwa siku ileile. Nikawaambia sawa. Kiti ni chenu, macho ni yangu. Filimu ninazipenda na nitaziangalia, mlango wazi, na anayetaka aje na kigoda chake. Kosa langu si filimu. Kosa langu ni kwamba nilimbebesha mwanamke msalaba wangu, halafu sisi sote tukamkataza kuongoza Njia ya Msalaba. Hapo hakuna aliyekohoa.

Mama mmoja mzee akainua mkono. "Lakini Papa, yule bwana aliporudi, alimukuta bibi yake?"

Nikamwambia alimkuta. Ijumaa ile Mama Odette alitangulia mbele, nami nilikuwa nyuma kabisa, kati ya watoto.

Msidhani alirudi kazini. Nilimsihi mara nne. Alifungua kibanda chake karibu na soko, mashini moja ya kuandika na moja ya kopi, na akaniambia: "Papa, miaka kumi na moja nilikufanyia kwa mwezi. Sasa nitakufanyia kwa ukurasa." Programu niliiondoa. Picha ile ya machozi nimeitundika ukutani nyuma ya kiti changu kinachozunguka. Mteja akicheka, ninamweleza filimu yenyewe.

Ndugu zangu, mnaojitengeneza kwa mikono yenu kama mimi, ninawasihi. Usinunue jicho la kuchunga watu kabla hujakaa mbele yake wewe mwenyewe. Usitangaze mfungo usioweza kuubeba. Na ikiwa kuna mtu anayekusomea barua bila kukuaibisha, usimwache atoke mlangoni. Utapata wenye diplome. Kama yeye hutapata.

Mkasa huu nimeusema kwa mdomo, ndani ya kibanda kile, na aliyeuandika ni Mama Odette. Aliandika bila kuongeza neno, isipokuwa mahali pamoja aliposimamisha vidole. Mimi nilikuwa nimesema kwamba siku ile ya ripoti nilinyamaza kwa mshangao.

"Hapana, Papa. Haukushangaa. Uliogopa. Nilikuwa nakuangalia."

Ukurasa ule ukaandikwa upya. Nilimwomba anipunguzie, kwa ajili ya zamani. Akatingisha kichwa, kama nilivyokuwa natingisha mimi. Kurasa tano kwa franga elfu moja moja, na mmoja uliorudiwa kwa sababu nilidanganya ndani yake: franga elfu sita.