Namba Isiyo na Mwenyewe

Haya yalimkuta rafiki yangu Pei-lun, ofisini kwao, mjini Hsinchu. Huku kwetu tukishakula cha mchana taa huzimwa, kila mtu akalaza kichwa mezani kwake akasinzia. Kuo-hung alilala hivyo siku moja, na taa zilipowashwa hakuinuka. Bosi Tseng alimwita kutoka mlangoni, akamwita tena. "We gogo, ukiitwa itika." Kumbe mwenzake ameshapoa.

Hata udi wa kumtuliza roho hakuchomewa. Kabla hajazikwa, bodi ya kielektroniki aliyoiacha akapewa Pei-lun aimalizie. Kazi yenyewe ni ya kuitana: kompyuta hutaja namba kwenye waya, chipu yenye namba hiyo ikaitika, nyingine zikakaa kimya. Marehemu alikuwa ameunga kispika kidogo, kila chipu ikiitika kinalia tik. Bodi ilikuwa na chipu tatu. Pei-lun akasikia tik nne.

"Bosi, kuna namba inaitika na haina mwenyewe."

"Basi usiiite. Umekuja kazini au kupiga soga?"

Pei-lun akazing'oa chipu zote tatu, akaita upya. Tik, moja tu.

Akachomoa nyaya zote, za umeme na za kompyuta. Baada ya chakula taa zikazimwa, naye akalaza kichwa kando ya bodi. Kwenye lile giza bosi akafungua mlango na, kwa mazoea yake, akafoka: "Kuo-hung!"



Karibu kabisa na sikio la Pei-lun, kispika kikalia tik.