Mtande wa Wanawake Wanane

Nilikata mtande wa wanawake wanane. Nyuzi mia tatu na ishirini, zote, kwa kisu kimoja, na nilikuwa napiga mluzi.

Asiyejua ufumaji nimweleze. Mtande ni zile nyuzi ndefu zinazotandazwa kwenye mtambo kwanza, kabla mfumaji hajaanza kupitisha uzi wa kukatiza. Ukikosea uzi wa kukatiza, unafumua, unarudia. Ukiharibu mtande umeharibu yote. Mimi sikulijua hilo. Nilikuwa fundi seremala pale Manyamanyama, Bunda, elimu yangu darasa la nne, na nilidhani mtambo wa kufumia ni sawa na kitanda cha kamba: mguu ukivunjika unafungua kamba, unaweka mguu mwingine, unafunga kamba.

Ulikuwa mwaka themanini na nne na nguo hazikuwepo. Pamba tulilima sisi, ikaondoka kwa malori, nguo haikurudi. Watu walivaa viraka vya gunia mpaka kanisani. Ndipo mama Nyamburi, mjane mwenye sauti ya kuitia ng'ombe mlima wa pili, alipokusanya wenzake saba wakaanza kusokota wenyewe. Mtambo mmoja wa zamani walipewa na masista. Magurudumu ya kusokotea niliwatengenezea mimi, kwa ringi za baiskeli zilizokufa.

Hapo ndipo nilipomjua Hyasinta. Yeye ndiye aliyekuwa mfumaji wao, na alitumia mkono wa kushoto. Gurudumu lake nikaligeuza, mpini ukakaa kushoto. Alipolijaribu aliniangalia kwa muda.

"Watu wote wananiambiaga nibadilishe mkono," alisema. "Wewe umebadilisha gurudumu."

Nikajua nimekwisha.

Kikundi kilikuwa na sheria yake. Kitambaa cha kwanza kutoka kwenye mtande mpya hakiuzwi. Kinakwenda kwa mwenye haja kubwa: mwenye msiba, mwenye kichanga, au anayeolewa. Mtande ule walikuwa wameusokota miezi mitano, kila mwanamke nyuzi arobaini, na kitambaa cha kwanza kilikuwa cha Hyasinta, aolewe nacho. Aolewe na mimi. Jumatatu ile alikwenda Musoma, Kamunyonge, kumwambia kaka yake Masatu kwamba amenikubali. Ufunguo wa chumba cha mtambo akaniachia, baada ya kuwaomba wenzake, kwa sababu ule mti wa nyuma unaobeba mtande ulikuwa umepata ufa. Aliniagiza niubane kwa ukanda wa bati tu, basi, mpaka kitambaa kiishe.

Mimi nikataka arudi akute mti mpya wa mninga. Mti wa zamani ulikataa kutoka na nyuzi zake. Nikakata.

Alirudi Jumatano. Alisimama mlangoni, kisha akausogelea mtambo. Akapitisha kidole kwenye zile ncha zilizokatwa.

"Umekata nyuma."

"Nitafunga tena. Leo leo."

"Unajua ipi inafungwa na ipi?"

Nikaangalia chini. Nyuzi zilikuwa zimejikunja sakafuni kama nywele kwa kinyozi.

"Si uzi tu, Hyasinta? Uzi si uzi?"

Hilo ndilo neno lililoniponza. Kesho yake asubuhi Gati, mdogo kuliko wote kwenye kikundi, aliniletea karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne na kuniambia Hyasinta amepanda lori kwenda Kisorya kwa shangazi yake. Karatasi iliandikwa hivi: "Bernado. Mimi ndiye niliyewaambia wakupe ufunguo. Sasa siwezi kuwatazama usoni. Kaka nimeshamwambia ndiyo, lakini niliyemkubali simjui tena."

Mimi si mtu wa kukaa na karatasi mkononi. Kulikuwa na jamaa aliyekuwa akipitisha vitenge kwa njia za panya kutoka Kenya. Nikauza randa yangu ya chuma, nikanunua kitenge kizima, chekundu na manjano, kitu ambacho Bunda hakikuonekana mwaka mzima. Dizeli ilikuwa ya shida. Nikangoja lori siku mbili, nikasafiri siku moja juu ya magunia. Nikamkuta Hyasinta na shangazi yake wanaanika dagaa. Nikakunjua kitenge mbele yao.

"Umekipata wapi?" aliuliza.

"Nimeuza randa."

Randa ile aliijua.

"Mama Nyamburi alisemaje ulipomwomba radhi?"

Nikainamia kitenge, nikanyoosha pindo lake.

"Gati je? Mbuke?"

"Nimekuja kwako kwanza."

"Kwangu," alisema. "Nyuzi zangu pale ni arobaini. Mia mbili na themanini si zangu. Umewaruka watu saba ukaja kwangu na kitenge."

"Lakini ni kizuri kuliko kile mlichokuwa mnafuma."

"Ni kizuri. Rudi nacho."

Shangazi hakuinua kichwa kwenye dagaa zake.

"Mkwe," alisema, "lori linarudi saa nane. Usilikose."

Sikulikosa. Njiani nilimkasirikia Hyasinta mpaka Kibara. Kutoka Kibara mpaka Bunda nikajikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ndiyo iliyonisaidia.

Niliwakuta wote saba kwenye chumba cha mtambo, wamekaa tu, magurudumu yamesimama. Nikasema nilichokuja kusema. Nilisema vibaya, kwa maneno machache, lakini nilimtaja kila mmoja kwa jina. Mama Nyamburi akaniacha nimalize.

"Ungekata mbele, kwenye kitambaa, ambako kila uzi umeshika nafasi yake, tungefunga upya kwa nusu saa," alisema. "Hapana. Umekata nyuma."

Kisha akanionyesha. Uzi wa Gati ulikuwa mwembamba kama wa buibui. Wa Mbuke ulikuwa na vinundu. Wake mwenyewe ulikuwa mnene; alisema ni mnene kama yeye. Ukifunga mnene kwa mwembamba fundo linateleza, kitambaa kinakunjamana. Na aliyeusokota tu ndiye anayeujua kwa vidole.

"Sisi tutakuonyesha ipi ya nani," alisema. "Kufunga utafunga wewe."

Nikamkabidhi kile kitenge. Akakipima kwa macho, akakitia kwenye kapu.

Siku ya kwanza nilifunga mafundo kumi na moja. Mama Nyamburi akayavuta, tisa yakaachia. Wakacheka mpaka Mbuke akatoka nje. Waliniambia vidole vyangu ni vya misumari, kwamba mimi nafunga uzi kama nafunga ng'ombe. Nyuzi za mama Nyamburi peke yake zilichukua siku tatu. Baada ya hapo mkono ukaelewa. Kila siku alikuja mmoja akakaa nami, akachambua nyuzi zake kutoka kwenye ule mparaganyiko, akanipa ncha mbili mbili. Na mtu akikaa nawe kutwa nzima akikupa ncha, atazungumza. Nilijua habari za ndoa zao, za watoto wao, na ya nani aliyesokota usiku wa msiba wa mumewe kwa sababu hakupata usingizi. Nilijua nyuzi hizo ni zipi. Nilizifunga polepole.

Rafiki yangu Makongoro alipita dirishani na wenzake.

"Bernado, wakikumaliza hapo watakusuka na nywele?"

Gati akamjibu kabla yangu. "Shemeji Makongoro, wewe una gunia matakoni, umeandikwa mbolea. Unamcheka nani?"

Hakurudi tena dirishani.

Siku ya nane Mbuke alirudi kutoka sokoni na habari. Serikali imefungua milango, marobota ya nguo kuukuu yamefika, shati la Ulaya kwa bei ya kuku. Nilihofia wangesema basi, tuache. Mama Nyamburi akavuta uzi wake ukakaza.

"Zije," alisema. "Watu wavae. Lakini uzi huu nimeusokota mimi, siutupi kwa ajili ya suruali ya marehemu mzungu."

Siku ya kumi tulimaliza za wote saba. Zikabaki za Hyasinta, arobaini. Mama Nyamburi alisema hizo hakuna anayezijua, asubiriwe mwenyewe. Lakini mimi vidole vyangu sasa vilijua. Uzi wa wale wengine, ukiuvingirisha kuelekea nje, unakaza. Wake, kwa sababu ya lile gurudumu la kushoto linalosokota kinyume, unaachia. Nikazitenga zote, uzi mmoja mmoja, nikazilaza juu ya karatasi. Ningeweza kuzifunga jioni ile ile. Sikuzifunga. Nilikuwa nimeshakata bila kuuliza. Nisingefunga bila kuuliza.

Nikampa dereva wa lori la Kisorya barua: "Hyasinta. Nimewaomba radhi wote saba. Sita wamenisamehe, mama Nyamburi anasema bado anafikiri. Zimebaki zako. Nimezitenga, sijazifunga. Bernado."

Nilingoja siku tatu. Ya nne lori likafika, naye akashuka na kapu lake. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile karatasi, akavingirisha nyuzi tano, sita.

"Nani amekutengea?"

"Mimi."

"Umejuaje?"

"Za wenzako zinakaza. Zako zinaachia."

Alinitazama kama siku ile ya gurudumu, ila safari hii macho yalikuwa na maji. Akachukua ncha mbili, akaniwekea kiganjani.

"Funga. Niangalie fundo lako."

Nikafunga. Akalivuta kwa nguvu, kuliko hata mama Nyamburi. Halikuachia.

"Thelathini na tisa," alisema, akavuta kigoda akakaa kando yangu.

Mama Nyamburi alikuwa mlangoni. Akasema amemaliza kufikiri.

Tulifunga ndoa Januari. Ukimtazama Hyasinta kwa nyuma, chini kidogo ya kiuno, ungeona mstari wa mafundo umekatiza gauni kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kaka yake Masatu alilipapasa fundo moja akauliza hii ni nini, na Hyasinta akamwambia ni kazi ya mume wangu. Tumeishi vizuri hadi leo, na mtambo tunao.

Nihesabu basi ilichogharimu. Randa moja ya chuma, ambayo sikupata nyingine kama ile. Siku kumi na nane bila kupiga msumari. Mlango mmoja na meza mbili, wenyewe wakaenda kwa fundi mwingine. Kitenge kimoja, kilichokatwa vilemba saba. Hyasinta hakutaka chake. Mafundo mia tatu na ishirini, na ishirini na sita yaliyokatika tukayarudia. Kitambaa kilipungua shubiri mbili, hakikutosha. Mikono miwili ya gauni, ambayo haikushonwa kamwe.