Mama Taji na Neno la Siri

Jumamosi hiyo duka la dawa za mifugo katikati ya Eldoret lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Jerop alisimama kwenye foleni na koti lake la samawati na viatu vya mpira vyenye tope bichi la kijijini kwake Yamumbi, akiibonyeza simu kwa hasira. Picha ya ng'ombe wake ilikataa kupanda kwenye jukwaa la wafugaji la mtandaoni.

"Aliyetengeneza tovuti hii alikuwa amelala," alifoka.

"Sikuwa nimelala," sauti ikajibu nyuma yake. "Nilikuwa na malaria."

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, na tabasamu la mtu aliyeshikwa na kosa wala hajali. Alikuwa Javan, fundi wa tovuti kutoka Siaya, aliyetumwa na mama mwenye nyumba wake kununua dawa ya kupe. Aliiomba simu, akagusa hapa na pale, picha ikapanda.

"Ng'ombe mzuri. Anaitwa nani?"

"Taji."

"Basi karibu jukwaani, Mama Taji."

Ndiyo iliyokuwa desturi yao. Mwanachama mpya alijitambulisha kwa jina la ng'ombe wake wa kwanza, na wafugaji wote wakamwita kwa jina hilo tangu siku hiyo. Waliulizana dawa, wakauziana ndama, na katika barua za faragha wakaambiana hata ya ndoa zao.

Mapenzi ya Jerop na Javan hayakuchukua muda kukolea. Javan alimpigia simu kila asubuhi Jerop akikamua.

"Umenikamulia ngapi leo, mpenzi?"

"Wewe unywe chai ya mkandaa. Maziwa ni ya wanaume wanaoamka mapema."

Jukwaa lilipokua, Javan alimfanya msimamizi mwenzake. Wao wawili tu ndio walioweza kufungua kila kitu na kuwatumia wanachama wote ujumbe.

"Weka paswadi ngumu, Mama Taji. Usiweke jina la mtu wala siku ya kuzaliwa."

"Sijaweka ya mtu yeyote," alisema Jerop, na hakudanganya.

Kisha ikaja ile Jumanne. Kufikia saa tatu asubuhi kila mwanachama alikuwa amepata ujumbe wa jukwaa ukimhimiza anunue dawa ya ajabu ya uvimbe wa kiwele. Kufikia adhuhuri namba za simu na barua za faragha za watu zilikuwa zimeanikwa hadharani. Mke akasoma aliyoyaandika mumewe. Majirani wakanuniana.

Mkutano uliitishwa katika ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti, Mzee Kigen, hakuzunguka mbuyu.

"Funguo ziko kwa watu wawili. Nani alifungua?"

Javan alisimama, shati lake siku hiyo limekunjamana. "Kosa ni langu. Programu ya tovuti ilipaswa kusasishwa miezi minane iliyopita. Niliahirisha."

Wakati wa kutoka, minong'ono ilikuwa imeshaamua kwamba kijana aliuza namba zao. Jerop, ambaye alijua yeye hakumfungulia mtu, alipiga hesabu yake ya haraka. Ikiwa si mimi, ni yeye. Akampigia.

"Javan, ulituuza?"

"Jerop, unaniuliza hivyo wewe?"

"Nijibu."

"Kama wewe unaweza kuniuliza hilo, sina la kujibu."

Javan akakata simu. Jerop alilia zizini, akiwa amemwegemea Taji. Wiki tatu zikapita bila simu ya asubuhi.

Aliyemfumbua macho ni Brenda, fundi aliyeajiriwa kuirekebisha tovuti. Alifika Yamumbi na kompyuta yake ili Jerop apate neno jipya la siri. Chai ilikuwa bado ya moto aliposema, "Mwizi aliingia kwa akaunti yako. Alijaribu mara nne tu. Ulikuwa umeweka nini?"

"Taji."

"Na jukwaani wanakuitaje?"

Damu ilimpanda Jerop hadi masikioni.

"Javan alijua?"

"Ripoti nilipewa na yeye. Aligundua siku ya pili. Alinisihi nisitaje akaunti ni ya nani." Brenda alipuliza chai yake. "Lakini hata yeye ana lake. Programu ingekuwa mpya, ingemfungia alipokosea mara ya tatu, na mwizi angeishia mlangoni. Hizo barua hangezifikia."

Brenda alipoondoka, Jerop hakungoja hata ng'ombe wanywe maji. Aliandika jukwaani, mbele ya wanachama wote elfu sita: *Mwizi aliingia kwa jina la ng'ombe wangu. Javan hakuuza mtu. Mimi Jerop ndiye niliyemwachia mlango wazi. Nisameheni, na aliyefanya kama mimi abadilishe paswadi sasa hivi.*

Alisubiri matusi. Wa kwanza kujibu alikuwa Mzee Kigen mwenyewe: *Hata mimi neno langu ni jina la fahali wangu. Mpaka la benki.* Mama mmoja wa Langas akakiri, halafu mwingine, halafu mia mbili. Kufikia saa nane watu walikuwa wakichekana, na Jerop alihisi kifua kikifunguka kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne.

Alivaa gauni lake la kijani, akapanda bodaboda hadi mjini, akakwea ngazi za ghorofa tatu bila kupumzika. Ofisini kwake, Javan alikuwa ameinama, akifunga boksi kwa utepe.

"Unaenda wapi?"

"Kisumu. Nimepata kazi, naanza Jumatatu." Hakuinua macho. "Nimesoma uliyoandika. Hukuhitaji kujianika."

"Kwa nini ulinificha?"

"Mimi wakinichukia, ninahama. Wewe na ng'ombe watano mngehamia wapi?"

Jerop akaketi kwenye kiti cha wateja. "Nisamehe. Si kwa ajili ya paswadi. Kwa lile swali."

"Lile liliniuma kweli."

"Najua."

"Na mimi unisamehe. Miezi minane, Jerop! Ningewalinda nyote."

Jerop alianza kulia, na Javan akamfuta machozi kwa mkono wa shati. Jerop akaushika mkono ule asiuachilie.

"Jumapili Baba yuko nyumbani," alisema. "Lete wazee wako."

"Jumapili hii?"

"Hata ijayo. Lakini hilo boksi lifungue leo."

Javan alicheka, akauvuta utepe ukatoka wote, kisha akaanza kurudisha nyaya mezani moja moja.