Chenga za Kuluthum

Stempu ilikuwa ya senti ishirini, imenunuliwa juzi posta ya Nakuru, na haikupaswa kuwa na alama yoyote mgongoni. Darweshi bin Omar aliilaza kifudifudi katika kisahani cheusi, akaidondoshea benzini, inayofichua alama zilizojificha katika karatasi. Vinukta vikajitokeza, safu kwa safu, katika mraba mdogo kama ukucha.

Alama hiyo aliijua. Wamarekani waliigandamiza kwenye stempu zao karibu miaka tisini nyuma, ili wino wa muhuri uzame katika karatasi na stempu isioshwe ikatumika tena. Ni vigumu kuiona. Bwana Peterson wa Lanet, mkusanyaji wa stempu, alikuwa akimletea Darweshi za kuchunguza tangu Darweshi alipostaafu ukarani mwaka 1949. Lakini aliyeitambua hasa alikuwa mkewe, Kuluthum binti Bashir, ambaye hakusoma shule hata siku moja. Alipitisha ncha ya kidole kama anayechagua mchele, na vile vinukta aliviita chenga.

"Chenga kumi na moja kwa kumi na tano, Bwana Darweshi. Andika kabla sijasahau."

Hakukosea kamwe.

Kuluthum alifariki Aprili 1955. Chupa ya marashi na ya benzini zilikaa rafu moja, na Darweshi, macho yakiwa yamevimba kwa kulia, alichukua ile ya benzini akainyunyizia sanda. Harufu ilimfikia mkono ukiwa bado hewani. Watu walikuwa wanangoja. Alinyamaza, na waliosikia harufu walidhani ni lori lililosimama nje.

Baada ya mazishi ilikuja stempu ile ya posta, kisha alama ikaonekana kwenye sabuni, na kwenye unga uliokandwa.

"Baba, umeanza kuzipiga muhuri chapati?" binti yake Hadiya alimtania.

Darweshi alicheka. Moyoni alifurahi kwamba Kuluthum bado anamtembelea.

Lakini alasiri moja, Hadiya alipoinama kuokota sinia na mtandio ukamteleza, Darweshi aliona shingoni mwake, chini ya sikio, mraba mwekundu wa vinukta, na karibu yake mwingine, na mwingine, ikishuka mgongoni kama stempu zilizopangwa kwenye albamu, na harufu ya benzini ikajaa chumba ingawa chupa ilikuwa imefungwa.

"Kuna mtu hunishika hapa," Hadiya alinong'ona. "Simwoni. Hunibonyeza polepole, kama ananihesabu."

Mwalimu Muhidin, mganga wa mtaa, aliitwa siku hiyo hiyo. Alinusa hewa, akamgeukia Darweshi.

"Ulimnyunyizia nini marehemu?"

"Benzini, Mwalimu. Kwa makosa."

"Nawe ukanyamaza?"

"Watu walikuwa wanangoja, Mwalimu."

"Basi hilo ni jini, limefuata harufu. Mkeo alikuwa anapapasa. Hili linabonyeza, na linamtaka binti yako."

"Nikilifukuza, na Kuluthum ataondoka?"

"Kuluthum alishaondoka, mzee wangu."

Walikwenda makaburini na chupa ya marashi. Mwalimu alisoma, Darweshi akamwaga hadi tone la mwisho, akilia na kuomba radhi. Kwa siku saba nyumba haikunuka kitu. Shingo ya Hadiya ikapona.

Siku ya nane Darweshi alifungua bahasha ya Bwana Peterson. Ndani mlikuwa na stempu moja nyekundu ya senti tatu. Aliitia benzini, akaielekeza dirishani, akaigeuza na kuigeuza. Macho yake hayakuona kitu. Aliiweka mezani, akajiona mzee sana.

Hadiya alileta chai. Akaweka kikombe, kisha akanyoosha kidole, yeye ambaye hakuwahi kugusa stempu za baba yake, akakipitisha mgongoni mwa ile nyekundu taratibu, mara moja, mara mbili.

"Chenga kumi na nne kwa kumi na sita, Bwana Darweshi," alisema. "Andika kabla sijasahau."

Nyumba ya Mwalimu Muhidin ilikuwa ya nne kutoka hapo. Angepaza sauti tu, angesikika.

Darweshi alichukua penseli, akaandika.