Kola Zilizonyooka Usingizini

Sogeeni karibu majirani zangu, na wewe uliyesimama mlangoni ingia tu, maana jambo hili linamhusu kila mwenye mtoto.

Asubuhi zile ukumbi wetu ulitulia mno. Mwanga uliingia kwa madirisha ya juu ukalala juu ya vyerehani, vumbi la nyuzi likaelea taratibu, na wanafunzi wakashona bila neno. Walikuwa viziwi wote. Kila mmoja aliweka kiganja mezani ahisi cherehani kinavyokwenda. Ukikaa pale kidogo, nawe ungeanza kuota macho wazi.

Msidhani ukumbi ule ulishuka kutoka mbinguni. Sisi akina mama washonaji tulikuwa na vyerehani lakini hatukuwa na pa kuviweka. Chama cha viziwi kilikuwa na vijana wasio na kazi na mkalimani hodari wa lugha ya mikono, ila hakikuwa na hata sindano. Vijana wa mtaa nao walikuwa na ukumbi uliogeuka makao ya popo. Kidole kimoja hakivunji chawa, tukaungana. Mwenye karakana moja ya sare akaahidi kuwaajiri wale watakaoshona kola safi mbele ya macho yake.

Miongoni mwao alikuwemo binti wa jirani yangu, tuliyemwita Kidoti kwa alama nyeusi ya kidevuni. Msichana mkubwa, lakini mama yake alimlea kama yai. Alimsemea dukani, alimjibia hospitalini, hata nguo ya kuvaa alimchagulia. Lugha ya mikono yule mama hakujifunza. Walikuwa na ishara zao chache za nyumbani: kula, lala, twende, basi.

"Ataweza kweli?" aliniuliza siku alipomleta.

"Mwache aingie, shoga. Naona asiyeweza ni wewe, kuondoka."

Akacheka, lakini mlangoni hakubanduka.

Sasa sikilizeni utaratibu wetu. Jioni kila mwanafunzi aliondoka na kola aliyoshona ili awaonyeshe watu wa kwao, na asubuhi aliirudisha ili Fundi, mwalimu wetu wa kushona, aikague kwenye mwanga mzuri. Ya Kidoti ilitoka kwetu imepinda, ikarudi imenyooka.

Mama yake alikuwa na cherehani kikuukuu chumbani. Kila alfajiri, binti akiwa bado amelala kitandani kando yake, aliifumua kola na kuishona upya. Nani angemsikia? Kidoti hasikii. Lakini mtetemo wa cherehani ulipita sakafuni, ukapanda miguu ya kitanda, ukamwingia usingizini, naye akaota anashona. Aliota kitambaa cheupe kisicho na mwisho kikimtiririka vidoleni, laini, kila mshono mahali pake. Akiamka anaikuta kola mezani, imekaa sawa.

"Nikilala mikono yangu inajifunza," alimwambia mkalimani kwa ishara. Mkalimani akatusimulia, tukaona jambo tamu sana. Kwa nini tuliliona tamu, hata sijui.

Fundi peke yake alikunja uso. "Mchana anapinda, asubuhi ananyooka. Hii imekaaje?" Lakini akaona haya kumuuliza mama mtu mzima, akampandisha binti kwenye kundi la wanaomaliza.

Siku ya mtihani ikafika. "Mama, leo utasubiri nje," Fundi alisema, na mlango ukafungwa. Mwenye karakana akapita meza kwa meza. Alipofika kwa Kidoti akainua kola yake. Upande mmoja umelala, mwingine umesimama kama sikio la punda.

"Anajitahidi," alisema kwa upole, "lakini kwa leo hapana."

Wenzake wote walichukuliwa. Mkalimani alipomweleza, Kidoti hakulia. Alitabasamu, akajibu kwa mikono: "Mwambieni arudi kesho. Nikilala itanyooka."

Jamani, ukumbi mzima tulitazama chini.

Alfajiri iliyofuata ndoto ilikuja kama kawaida, kitambaa kikatiririka, ila binti alikuwa na wasiwasi, usingizi ukakatika. Ndoto ikaisha na mtetemo ukabaki. Akafumbua macho, akamwona mama yake ameinama cherehanini, kola ile ile mkononi. Alinyanyuka, akaweka kiganja juu ya meza, akahisi. Ulikuwa mtetemo wa ndoto zake zote. Akarudi kitandani akageukia ukutani, akaficha mikono chini ya mapaja. Na kiziwi akificha mikono, jueni amenyamaza kweli kweli.

Siku zikapita hali ni hiyo hiyo. Mama akaja kwetu. "Nilitaka wasimcheke, basi. Sasa hataki hata kunitazama. Nimwambieje, nami maneno yake sina?"

"Hata sisi tumekosa," Fundi alimjibu. "Tulimfundisha binti, wewe tukakuacha mlangoni. Na nilipoona mambo hayaeleweki, nilinyamaza."

Vyama vikakubaliana: mama naye aingie darasani, kwenye lugha ya mikono. Akaenda kila mchana, vidole vimekakamaa kama vya mtu anayeshika sindano mara ya kwanza. Mchana mmoja akaketi mbele ya mwanawe, akauliza kwa mikono, polepole:

"Wewe unataka nini?"

Tangu amzae hakuwahi kumuuliza. Kidoti akatoa mikono yake, akajibu. Mama hakuelewa ishara moja, akaomba airudie. Binti akairudia.

"Nataka kukosea mwenyewe."

Mama alilia, na binti akamwachia alie.

Kidoti amerudi kwa wanaoanza. Nafasi yake karakanani imekwenda, na hatujui kama itapatikana nyingine. Kola zake asubuhi zinarudi zimepinda, anazifumua yeye.

FUNZO

Wazazi, mkono unaofanyiwa kila kitu haujifunzi kitu, hata ukifanyiwa kwa mapenzi. Na sisi wenye vyama tunaoungana kuwapa ujuzi waliosahauliwa, tusifundishe mtu tukaisahau nyumba anayolala, wala tusione haya kuuliza kinachotutia shaka. Aibu yetu imemgharimu Kidoti kazi. Ukimpenda mwanao muulize anataka nini, halafu ngoja ajibu, na jibu likikuuma lipokee hivyo hivyo.