Harufu ya Sanduku la Bibi

Kila alasiri Amna alishuka basi la shule mbele ya majumba yao ya kupanga, Sharpstown, mjini Houston, akapanda ngazi, akavua viatu mlangoni na kutoa salamu. Wiki ile harufu ilimlaki kabla salamu haijaitikiwa. Bibi yake, Mwanakhamis, alikuwa amekuja kutoka Mombasa kumtunza mama baada ya uzazi, na sanduku lake lilijaa leso na nguo za kichanga. Zote zilihifadhiwa kwa vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo.

"Bibi, leso zako zinanuka," Amna alisema siku ya kwanza, akakunja pua.

Mama yake, Nawal, alimgeukia kwa hasira. "Bibi yako kavuka bahari kwa ajili yetu. Mwombe radhi, na nisisikie tena habari ya harufu."

Aliomba radhi, lakini midomo ilikuwa imemvimba.

Alhamisi simu ya mama ililia. Mama, aliyejifungua kwa upasuaji, alikuwa usingizini, na baba, Abdulbasit, alikuwa njiani kwenda Dallas na lori lake. Amna akapokea. Muuguzi wa hospitali alitaka kuzungumza na mtu mzima, akasema atatafuta mkalimani.

"Hakuna haja. Bibi yupo hapa, nitamfasiria mimi," Amna alijigamba. Tangu lini mtoto wa miaka kumi na miwili akawa mkalimani wa hospitali? Lakini huyu alijiona.

Muuguzi akaeleza kwamba vipimo vilionyesha damu ya mdogo wake, Swafwani, ina upungufu wa kurithi. Asipewe dawa ovyo. Asikaribie kabisa vidonge vya nondo, wala nguo zilizokaa navyo. Macho yakigeuka manjano, apelekwe hospitali mara moja.

Amna alimtazama mdogo wake. Alikuwa kafungwa leso hadi kidevuni, bibi akimwimbia.

"Wanasemaje, mjukuu wangu?"

Akisema, ataambiwa anaendeleza utovu wa adabu. "Wanasema asipewe dawa ovyo."

"Hilo nalo la kupigiwa simu?" Bibi akacheka, akaendelea kuimba.

Jumamosi macho ya Swafwani yalikuwa manjano. Bibi akafanya kama alivyowafanyia wanawe: alimlaza dirishani apate jua, akamfunika leso nyingine. Amna aliona. Akajiambia jua litamponya, akaenda kutazama televisheni.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Jumapili mtoto alikataa kunyonya, akalia kwa sauti nyembamba iliyochoma masikio, mgongo umejipinda. Baba, aliyekuwa amerudi, aliwakimbiza hospitali.

"Nguo zake zilikaa na vidonge vya nondo?" daktari aliuliza kupitia mkalimani.

"Zote," bibi alijibu. "Kwani vina nini?"

"Tulipiga simu Alhamisi kuwaambia."

Baba na bibi wakatazamana, kisha wakamtazama Amna. "Waliniambia mimi," alisema, akilia. "Niliogopa kuambiwa sina adabu."

Daktari alieleza polepole. Mvuke wa vidonge vile huzila chembe za damu kama kutu inavyokula chuma. Damu ya watu wengi ina kinga ya kutosha, ya Swafwani haina. Chembe zikivunjika huacha umanjano, nao ukizidi kwa mtoto mchanga huingia kwenye ubongo na kuuharibu.

Wakambadilisha damu. Akapona umanjano, akanyonya tena, akarudi nyumbani. Leso zote zilikwisha tupwa.

Miezi ikapita. Jioni moja Amna alisimama nyuma ya mdogo wake na kupiga makofi. Swafwani hakugeuka. Madaktari walikuwa wameshasema kwamba umanjano ule ulimwondolea usikivu, na kwamba hatasikia.

Bibi alikuwa amekaa mkekani. Hakupaza sauti.

"Siku ile ungeniambia, Amna, ningekukasirikia mpaka Magharibi, kisha ningelifunga sanduku langu. Mkubwa akikasirika hupoa. Adabu si kumfichia mkubwa jambo la kudhuru. Ukipewa neno la watu, lifikishe lote, hata likikuchoma ulimi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Haya, njoo mbele akuone."

Amna akazunguka, akachuchumaa. Swafwani alipomwona alicheka. Bibi akaanza kumwimbia ule wimbo wake, kisha akakumbuka, akanyamaza.