Kitalu Kilichochomwa

Kila alasiri Nabwile alipotoka shuleni, kikapu kilikuwa kikimngoja mlangoni. Kazi yake ilikuwa kubeba mboji kutoka kwa nyanya yake, kule bondeni, hadi kwenye kitalu cha mama yake hapa Bumula, ili miche isiugue. Jamani, kilima kile! Hata punda angelalamika. Lakini mama yake, Edinah, aliumwa mgongo, na hapakuwa na mwingine wa kubeba.

Siku moja mwili ulikataa katakata. Nabwile akakumbuka walivyofundishwa shuleni kwamba bakteria huleta magonjwa. "Si nichome tu huu udongo, wafe wote?" akajiambia. Akarundika magunzi ya mahindi juu ya kitalu, akayawasha, na moto ulipozima akafukia majivu.

Jioni mama akauliza, "Umeshachanganya mboji?"

"Ndiyo, mama," akajibu akitazama pembeni.

Wakapanda nusu ya mbegu za kabeji. Zikaota vizuri, lakini mvua iliponyesha miche ikaanza kuanguka, mashina yameoza. Edinah akaketi chini, amechoka hoi. Shamba zima alikuwa amelilima na mgongo wake ule mbovu, na sasa hakuwa na miche ya kupanda.

Akamwita Madam Jelimo, afisa wa kilimo kutoka Kitale. Afisa akachimbua udongo kidogo, akaona majivu.

"Edinah, mlichoma moto hapa?"

"Ati moto? Hapana! Binti yangu aliweka mboji. Huyu hanidanganyi."

Maneno hayo yalimchoma Nabwile. Machozi yakamtoka. "Mama, nilikudanganya. Nilichoma. Nilikuwa nimechoka."

"Si bakteria wote ni adui," Madam Jelimo akasema taratibu. "Kwenye mboji wamo wanaotengeneza dawa inayozuia ukungu wa kuozesha miche. Ulipowachoma, ukungu ulirudi na maji ya mvua, ukakuta hakuna wa kuuzuia."

Kuanzia siku ile Nabwile alibeba nusu kikapu, akipumzika njiani. Wakachanganya mboji, wakapanda mbegu zilizobaki. Mche mmoja mmoja ulianguka, lakini mingi ilisimama, wakaihamishia shambani.

Walipomaliza, wote wawili walikaa ukingoni mwa shamba, hawana nguvu hata ya kunawa mikono.

"Kuchoka si kosa, mwanangu," Edinah akasema. "Mimi mwenyewe huchoka kila siku. Ukichoka, niambie, tupumzike pamoja. Lakini ukinidanganya, unaniacha nipande juu ya majivu bila kujua."